Wiki Nane Kabla ya Mtihani wa Kiingereza

Mnamo Novemba 2021 Mutahi Kagwe, wakati huo Waziri wa Afya wa Kenya, alitoa habari iliyowaacha wengi vinywa wazi. Julai ya mwaka huohuo Kenya na Uingereza zilikuwa zimetia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi katika hospitali za huko. Wauguzi 300 wakapelekwa kufanya mtihani wa Kiingereza. Waliofaulu walikuwa 10.

Kagwe ni mtu wa Nyeri. Aliwahi kuwa mbunge wa Mukurweini, kisha seneta wa kaunti nzima. Na ukanda huu wa Mlima Kenya ni ukanda wa wauguzi: kuna chuo cha Consolata kule Mathari, kuna Tumutumu karibu na Karatina, kuna Chogoria upande wa mashariki wa mlima, kuna KMTC mjini Nyeri kwenyewe. Si rahisi kupata kijiji kisicho na mtu aliyevaa ile sare au anayetamani kuivaa. Ndiyo maana lile swali liliuma: itakuwaje mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, akaandika KCSE kwa Kiingereza, akasomea uuguzi kwa Kiingereza, halafu aanguke mtihani wa Kiingereza?

Swali hilo lina jibu, na anayejiandaa leo alishike kabla ya kitu kingine chochote. KCSE ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mwaka huohuo ndipo IELTS, mtihani wa Kiingereza unaofanywa na Wakenya wengi wanaokwenda ng'ambo, ulipoanzishwa. Mitihani hii ni ya umri mmoja, lakini haipimi mambo yaleyale. Somo la Kiingereza la KCSE lina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200, na zote tatu ni za kuandika. Hata stadi za mazungumzo, zilizomo katika karatasi ya kwanza, hujibiwa kwa kalamu: mwanafunzi huonyesha neno lipi linatamkwa sawa na lingine, au hujaza mazungumzo yaliyoachwa mapengo. Hakuna sauti inayopigwa ukaisikiliza. Hakuna mtahini anayeketi mbele yako. Mtu anaweza kupata A ya Kiingereza bila kufungua mdomo.

IELTS umegawanywa sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu ina uzito sawa na nyingine. Nusu yake, basi, ni kazi ambayo shule haikuwahi kumpima mtahiniwa wa Kenya. Ile nusu nyingine anaifahamu, ila kwa kanuni tofauti. Hiyo siyo aibu ya mtu yeyote. Ni pengo, na pengo huzibwa kwa wiki nane za kazi ya kila siku.

Kabla ya kununua kitabu chochote, uliza unakokwenda wanataka mtihani upi. Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. IELTS una matoleo mawili. La kitaaluma ndilo linalotakiwa na vyuo vikuu na mabaraza ya wauguzi na madaktari. La jumla hutumiwa sana katika uhamiaji, kwa mfano na wanaoomba ukaazi wa Kanada. Ukifanya la jumla na chuo kikuu kilitaka la kitaaluma, umelipa bure. Kuna pia IELTS wa UKVI, wenye maswali ya aina ileile lakini unaofanyiwa katika kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya viza. Wahudumu wa afya wana njia nyingine, OET, mtihani uliotungwa Australia kwa ajili ya taaluma 12 za afya. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza, NMC, limeukubali tangu 2017. Vyuo vingi vya Marekani hupokea TOEFL, na vingi siku hizi hupokea hata ule wa Duolingo unaofanyiwa nyumbani kwa muda wa saa moja hivi. Lakini muuguzi anayeelekea Uingereza asijisumbue na hiyo miwili. NMC hutazama IELTS na OET tu. Ukiwa na shaka, waandikie barua pepe watu wa usajili wa huko, na jibu lao ulihifadhi.

Wala usidhani kwamba Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Kenya kutakusaidia mlangoni. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani. Jamaica imo. Kenya haimo.

Jambo la pili ni kujua alama zinavyohesabiwa. IELTS hutoa bendi kuanzia 0 hadi 9, pamoja na nusu katikati, na bendi ya jumla ni wastani wa sehemu nne. NMC hudai 7 ya jumla, na tena 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Mchukue muuguzi wa Kerugoya aliyepata 7.5 katika kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuzungumza na 6 kuandika. Wastani wake ni 6.875, ambao hupandishwa kuwa 7. Karatasi ya matokeo inasema 7, nyumbani kuku ameshachinjwa, kisha baraza linamkatalia kwa sababu ya ile 6. Heri ni kwamba tangu 2023 baraza huruhusu kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi katika kila mtihani asishuke chini ya 6.5, au 6 kwa kuandika. Muuguzi huyo anaweza kurudi, akapata 6.5 ya kuandika, akavuka. Ila atalipa ada mara mbili, na ada ya IELTS ni makumi ya maelfu ya shilingi. Ni nafuu kujua mapema sehemu inayokulemea.

Tuanze na kusikiliza, kwa kuwa huko ndiko wengi huingia bila mazoezi hata kidogo.

Maswali ni 40, muda ni kama dakika 30, na sauti hupigwa mara moja tu. Hakuna kurudia. Kwa kawaida sehemu ya kwanza huwa maongezi mepesi: mtu anapiga simu kuulizia chumba cha kukodi, anataja jina lake herufi kwa herufi, namba ya simu, tarehe ya kuhamia. Ni rahisi machoni, na ndimo alama hudondoka. Msemaji ataita sufuri "oh". Atasema atakuja Jumanne, kisha ajisahihishe: hapana, Jumanne nina daktari, nitakuja Jumatano. Aliyeshika jibu la kwanza alilolisikia amekwenda na maji. Jizoeze kuacha kalamu juu hadi sentensi iishe.

Kwa aliyelelewa katika Kikuyu kuna kazi ya ziada. Lugha hiyo haitofautishi l na r, na sikio hufuata lugha ya nyumbani. Wakenya hutaniana sana juu ya matamshi haya, wakasema fulani "ameshrub", na utani huo umefanya watu wadhani tatizo liko mdomoni. Katika mtihani hasara kubwa zaidi iko sikioni. Kama "collect" na "correct" kwako ni neno moja, au "glass" na "grass", au "play" na "pray", mkono utaandika lisilotakiwa na hutajua umekosea. Tafuta kamusi ya mtandaoni inayotamka maneno, andika jozi kumi kama hizo, fumba macho, mwambie mtu akubonyezee mojawapo, nawe uandike ulichosikia. Usimtumie rafiki azitamke mwenyewe kama naye ana sikio kama lako. Dakika kumi kwa siku, kwa majuma matatu, na utaanza kuzitenganisha.

Tahajia nayo huhesabiwa. "Accommodation" ina c mbili na m mbili, na ukipunguza moja jibu ni kosa hata kama ulisikia vizuri. Soma pia agizo la juu ya maswali: likisema jibu lisizidi maneno mawili, aliyeandika matatu hapati kitu.

Sauti za kuzoea zipo tele na hazigharimu zaidi ya bando la simu: vipindi vya BBC, vya ABC ya Australia, mihadhara ya vyuo vikuu kwenye YouTube. Australia isisahauliwe, maana wasemaji wa mtihani hawatoki London pekee. Anayeshinda na Inooro au Kameme jikoni asizime redio yake, lakini nusu saa ya asubuhi aitoe kwa sauti asizozizoea, na baada ya kila dakika tano asimamishe aandike alichosikia. Kusikiliza huku unafua nguo ni burudani. Mazoezi yanataka kalamu.

Kusoma hakuhitaji maneno mengi. Katika toleo la kitaaluma kuna matini tatu ndefu, maswali 40 na dakika 60, na hakuna dakika za nyongeza za kuhamisha majibu. Dakika ishirini kwa kila matini. Zikiisha, songa mbele. Hakuna alama inayokatwa kwa kukosea, basi usiache pengo tupu hata moja.

Kuna mtego mmoja tu wa kuuzungumzia kwa kirefu kidogo. Baadhi ya maswali hukupa kauli na kukutaka useme ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Tuseme matini inaeleza kwamba wakulima huchambua buni kwa mkono kabla ya kuzipeleka kwenye mashine ya kumenya. Kauli inasema wakulima hulipwa vizuri zaidi kwa buni zilizochambuliwa. Msomaji wa Othaya aliyekulia kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa anajua kabisa kwamba buni mbovu hurudishwa na nzuri ndizo zenye pesa, kwa hiyo anaandika "kweli". Jibu ni "haikutajwa". Matini haikusema neno juu ya malipo. Mtihani hautaki unachokijua, unataka kilichoandikwa. Kadiri mtu anavyojua mengi ndivyo mtego huu unavyomnasa, na dawa yake ni kuweka kidole kwenye mstari unaothibitisha jibu lako. Kidole kikikosa mahali pa kutua, haikutajwa.

Sasa kuandika. Hii ndiyo sehemu ambayo hata NMC iliishusha kutoka 7 hadi 6.5 mwishoni mwa 2018, na kwa wengi ndiyo inayostahili muda mwingi zaidi kati ya wiki zako nane.

Una saa moja na kazi mbili. Ya kwanza, katika toleo la kitaaluma, ni kueleza jedwali, grafu au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Dakika 20 kwa ya kwanza, 40 kwa ya pili. Mtahini hutazama mambo manne: kama umejibu swali, kama mawazo yanafuatana, msamiati, na sarufi. Kila moja ni robo ya alama. Maana yake ni kwamba Kiingereza kilichonyooka kisichojibu swali kimeshapoteza robo nzima.

Na hapa malezi ya shule hutuangusha. Insha za Kenya hufundishwa kwa upendo wa mapambo: methali, tamathali, mwanzo wa kuvuta hisia. Mwanafunzi husifiwa kwa hayo, na katika kisa cha kubuni yanafaa. Lakini tuchukue swali kama hili: wengine husema wahudumu wa afya waliosomeshwa kwa pesa za umma walazimishwe kufanya kazi nchini kwa miaka kadhaa kabla ya kuondoka, unakubaliana nao kwa kiasi gani? Aliyelelewa na insha za shule ataanza na "since time immemorial", aeleze kwamba afya ni uti wa mgongo wa taifa, atie methali, na mtahini atakuwa amesoma maneno 60 bila kujua huyu mtu anakubali au anakataa.

Sema msimamo wako katika sentensi ya pili. Kwa mfano: ninakubali kwa sehemu, kwa kuwa miaka miwili ni haki ya umma uliolipa, ila zaidi ya hapo ni kumfunga mtu. Aya inayofuata ibebe sababu moja tu, na mfano mmoja unaoonekana: wodi ya watoto njiti katika hospitali ya kaunti ndogo, inayobaki na muuguzi mmoja zamu ya usiku baada ya wenzake wawili kuondoka. Aya ya tatu ibebe upande wa pili kwa namna hiyohiyo: muuguzi aliyehitimu, akakaa miaka mitatu bila ajira, na bado anaambiwa asiondoke. Kisha malizia kwa sentensi mbili. Aya nne zinatosha. Wanaokariri insha nzima kutoka vitabuni wajue kwamba watahini hufundishwa kuzitambua, na alama hushushwa.

Kiingereza cha Kenya kina mazoea yake ambayo nyumbani hayamshtui mtu. Tunaandika "equipments", "furnitures" na "informations", ilhali maneno hayo hayachukui s ya wingi. Tunasema "discuss about" na "emphasize on", na kale kaneno ka mwisho hakatakiwi. Haya ni makosa ya watu wenye Kiingereza kizuri, ndiyo maana hayaonekani. Andika insha tano, mpe mtu azisahihishe, kisha uchukue daftari uorodheshe makosa yanayojirudia. Yatakuwa kama kumi, si mia. Hayo kumi ndiyo adui yako.

Na wa kusahihisha ni nani? Mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya jirani anaweza, tena huenda akafanya kwa ada ndogo kuliko darasa la mjini. Lakini mpe kwanza jedwali la vigezo vya bendi, ambalo wenye mtihani hulitoa bure mtandaoni. Bila hilo atakusahihisha kwa jicho la KCSE, akusifu kwa methali ileile itakayokugharimu.

Muuguzi aliyechagua OET ana kazi ya aina nyingine. Hapewi insha, anapewa maelezo ya mgonjwa na kutakiwa aandike barua ya rufaa au ya kumkabidhi mgonjwa kwa mhudumu mwingine, maneno kama 180 hadi 200, kwa dakika 45, tano za kwanza zikiwa za kusoma tu. Wengi huchagua OET wakiamini ni rahisi kwa sababu wanajaza kadeksi kila zamu. Kadeksi ni vipande: mgonjwa ameamka vizuri, dawa amepewa, kidonda kimesafishwa. Barua ni hoja. Ukimwandikia muuguzi wa kijijini atakayekifunga kidonda cha mzee mwenye kisukari, sukari yake ni lazima itajwe, na upasuaji wa kidoletumbo wa miaka ishirini iliyopita uachwe. Mtahini hutazama ulichokiacha sawasawa na ulichokiweka. Aya ya kwanza iseme kwa nini unaandika. NMC hutaka B katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ katika kuandika.

Kuzungumza katika IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, uso kwa uso na mtahini. Dakika nne au tano za mwanzo ni maswali juu yako: unaishi wapi, unafanya kazi gani. Kisha unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, na unaongea peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Mwisho ni majadiliano mapana kuhusu mada ileile.

Wakazi wa huku huingia chumba hicho na mizigo miwili. Wa kwanza ni heshima. Kijana aliyelelewa vizuri hamjibu mkubwa wake kwa maneno mengi, humjibu kwa ufupi na macho chini kidogo. Akiulizwa kama anaupenda mji wake, atasema anaupenda, anyamaze. Mtahini hawezi kukupa alama ya kimya. Mwambie unaupenda Nyeri kwa baridi yake ya Julai na kwa sababu mlima huonekana alfajiri kabla ya mawingu kushuka, ila huupendi siku ya soko kwa msongamano. Sentensi tatu kwa kila swali, na ndani yake neno la sababu.

Mzigo wa pili ni wa zamani zaidi. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kusoma bweni la St. Cecilia's kule Mathari, ameeleza katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, jinsi mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya mama alivyovishwa beji ya aibu na kuadhibiwa mwisho wa siku. Watoto wa vizazi vingi baada yake walipitia mambo ya namna hiyo katika shule nyingi za Kenya. Kilichobaki ni woga: afadhali ninyamaze kuliko nikosee. Maathai mwenyewe alivuka, akaenda Kansas mwaka 1960 na kusoma chuo kikuu huko, lakini woga ule bado unaishi kwa wengi, na katika mtihani huu ni ghali kuliko kosa lenyewe. Kosa dogo la sarufi hupunguza kidogo. Kimya huondoa ufasaha, msamiati na sarufi kwa pamoja, kwa sababu hakuna cha kupima.

Kuhusu lafudhi, pumua. Matamshi hupimwa kwa kueleweka. Hakuna anayekutaka uongee kama mtu wa London, na anayejaribu "kutweng" hupoteza kasi akihangaika na sauti zisizo zake. Shughulikia zile zinazobadili maana tu: l na r, na ule m unaojipenyeza mbele ya b, ukafanya "bag" isikike "mbag".

Kwa ile kadi, usiandike sentensi katika dakika yako ya maandalizi. Andika maneno manne. Mada ikiwa mtu aliyekusaidia, andika: shangazi, Mukurweini, karo, 2014. Ni nani, ni wapi, alifanya nini, lini na kwa nini hujasahau. Kila neno ni nusu dakika ya maongezi. Jirekodi kwa simu kila jioni na ujisikilize asubuhi, ambapo masikio ni makali. Utasikia mwenyewe unavyorudia "actually" mara tisa.

Wiki nane zipangwe hivi, na mwenye zamu za usiku azinyooshe zifike kumi. Jumamosi ya kwanza fanya mtihani mzima wa mfano, kwa saa, bila simu, katika chumba cha watu wasiokuita. Maktaba ya umma mjini Nyeri inafaa, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dedan Kimathi na Karatina wana maktaba zao. Vitabu vya Cambridge vya mitihani iliyopita ndivyo vya kuaminika. Matokeo ya siku hiyo ndiyo yatakayogawa wiki tano zinazofuata: saa nyingi kwa sehemu iliyo chini, chache kwa iliyo juu, lakini kila siku dakika 45 bila kukosa. Wiki mbili za mwisho rudia mitihani mizima, angalau mitatu. Aliyesajiliwa kufanyia kwenye kompyuta afanye pia mazoezi ya kupiga chapa. Maneno 250 kwa dakika 40 ni mchezo kwa aliyezoea kibodi na mateso kwa aliyezoea simu. Saiba yoyote mjini itakukodishia kompyuta kwa saa.

Kitambulisho ulichojisajilia ndicho utakachoingia nacho, na kwa mitihani ya viza ni pasipoti. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen na inaweza kuchukua muda, kwa hiyo isiwe kazi ya wiki ya mwisho. Kwa wengi wa huku mtihani hufanyiwa Nairobi, kama kilomita 150 kutoka Nyeri mjini. Usipande matatu ya alfajiri siku ya mtihani ukitegemea barabara. Lala kwa ndugu Ruiru au Kahawa, uamke ukiwa umepumzika.

Utakutana na watu wanaouza cheti. Watakuambia una haja gani ya kusumbuka, wao wana mtu ndani. Matokeo ya IELTS huweza kukaguliwa moja kwa moja na chuo au baraza kupitia mfumo wa wenye mtihani, na ya uongo hugunduliwa. Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilifichua watu waliofanyiwa mtihani wa Kiingereza na wengine nchini Uingereza, na maelfu ya wanafunzi wakafutiwa viza, wakiwemo waliopinga kwa miaka mahakamani wakisema hawakufanya kosa lolote. Tangu hapo upigwaji picha na ukaguzi kituoni si jambo la mzaha.

Matokeo hudumu miaka miwili tu. Basi kusanya kwanza vyeti vyako, thibitisha mtihani unaotakiwa, anza pasipoti, na ada uilipe mwisho, baada ya mitihani miwili ya mfano kukupa alama unayoihitaji. Na leo jioni, kabla ya kununua chochote, weka saa ya dakika 40, chukua swali lile la wauguzi waliosomeshwa kwa pesa za umma, uandike maneno 250, na kesho umpelekee mwalimu wa Kiingereza aliye karibu nawe.